Mlima Ufunguliwe kwa Miguu, Si kwa Lami

Kuna mjadala wa barabara ambao sisi watu wa Eastlands tumewaachia watu wa Nyeri na Nyandarua, na mimi naona hapo tumelala. Ni ile barabara ya kuvuka juu ya milima ya Aberdare, kutoka Ihithe upande wa Nyeri mpaka Ndunyu Njeru upande wa Nyandarua. Uliza msee yeyote wa Umoja, Kayole ama Dandora anafikiria nini kuihusu, atakuangalia kama umemuuliza bei ya nyumba Runda. "Hiyo inanihusu aje? Mimi hata gari sina."

Inakuhusu, buda. Inakuhusu kuanzia kwa mfereji wako, ikapitia kwa chipo zako za jioni, ikaishia kwa ile picha ya haiki ulipiga ukiwa umeshika kiuno ukijifanya hujachoka.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usiutafute mbele: mlima ule ufunguliwe kwetu sote, lakini ufunguliwe kwa miguu. Lami ifike getini na iishie hapo.

Kwanza tuelewane tunaongelea wapi. Aberdare ni ile safu ya milima iliyo kaskazini mwa Nairobi, ambayo wazee wanaiita Nyandarua. Upande wa kaskazini kuna kilele cha Satima, mita 4,001. Upande wa kusini kuna Kinangop, mita 3,906. Katikati ya hivyo vilele viwili kuna uwanda wa baridi ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,700, kwa hivyo ukiwa pale uko karibu mara mbili ya urefu wa mtaa wako. Mapafu yatakuambia hata kabla ya simu kukuambia.

Leo ukitaka kuvuka na gari, unaingia kwa geti la Ruhuruini upande wa Nyeri, unatokea geti la Mutubio juu ya Ndunyu Njeru, ama unafanya kinyume. Si lami. Ni barabara ya udongo na mawe inayopanda ndani ya msitu mkubwa, ikaingia kwa mianzi, kisha miti inaisha na unajikuta kwa nyasi za mafungu mafungu na ukungu. Huko ndani kuna maporomoko ya Karuru, maji yanaanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Kuna ndovu, nyati, na chui wengine weusi tititi. Mvua ikinyesha, matope yanameza tairi. Probox ya mjomba wako haiendi huko. Wanaoenda ni wenye Land Cruiser na Prado, wamebeba koleo, kamba na chakula cha siku mbili.

Sasa, mpango wa kuweka lami ya kuvuka huu mlima si wa jana. Umekuwa ukizungushwa na wanasiasa kwa miaka mingi, kila kampeni unafufuka. Januari 2024, NEMA ikatoa leseni kwa KeNHA, lile shirika la barabara kuu, ikiambatanisha masharti. Watu wa mazingira wakapinga, maneno yakafika mahakamani Nyeri, ujenzi ukasimamishwa. Lakini barabara ya wanasiasa haifi, inalala tu. Ndio maana naandika.

Nataka kuwa mkweli kwa watu wa Nyandarua, juu wana hoja na haifai tuwacheke. Mkulima wa Ndunyu Njeru akitaka kufika Nyeri anazunguka mlima mzima. Aende kaskazini apitie Ol Kalou na Nyahururu, ama ashuke kusini apitie Njabini na aingie barabara ya Thika. Nyeri iko pale nyuma ya mlima, karibu aweze kuita mtu, lakini yeye anapoteza nusu siku. Viazi na kabeji haziwezi kungoja hiyo nusu siku bila kuharibika, wala mama aliye na uchungu wa kuzaa hawezi kungoja. Mtu aliyezaliwa Buruburu, ambaye hospitali iko stejini mbili kutoka kwao, hana haki ya kumwambia mkulima "wewe vumilia, mimi napenda miti."

Na viazi vyenyewe ni vyetu. Zile chipo za themanini unakula ukitoka kazini, uwezekano ni mkubwa kwamba kiazi kilitoka Kinangop, kikapita Marikiti, kikaishia kwa kikaango cha mtaa wako. Barabara mbaya ya Nyandarua tunailipia kwa bei ya chipo. Hoja hiyo naikubali yote.

Lakini sasa njoo kwa mfereji.

Sehemu kubwa sana ya maji ya Nairobi inatoka kwa huo mlima. Bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, linajazwa na mito inayoshuka kutoka Aberdare. Bwawa la Sasumua karibu na Njabini, lile la miaka ya 1950, vilevile. Juzi juzi tumechimbiwa tanuri la chini ya ardhi la kilomita 11.8 huko Murang'a kuchukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaleta Ndakaini. Hiyo mito pia inatoka huko huko juu. Maji mengine yanaingia Tana, na Tana ndiyo inazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kwa hivyo hata ukinunua tokeni, kuna ukungu wa Aberdare ndani yake.

Kwa ploti yetu maji huja siku mbili kwa wiki, na moja ya hizo siku huja saa nane usiku. Mathe ndiye saa yetu ya kengele. Akisikia bomba linakohoa, nyumba nzima inaamka, mitungi inapangwa, na hakuna anayeongea hadi mitungi yote ijae. Maji yakikosa kabisa, mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 50 na unashukuru umeupata. Wewe unayesoma hii ukiwa Embakasi ama Kariobangi unajua hiyo hesabu kuliko mimi.

Mlima unafanya kazi kama godoro. Mianzi, moss na zile nyasi za juu zinanasa mvua na ukungu, udongo unanyonya, kisha unaachilia maji polepole miezi ya kiangazi. Ndio maana mito ya Aberdare haikauki Februari wakati Nairobi kumekauka. Ukikata mteremko kupitisha barabara ya malori, unakata pia njia ya maji. Maji yanateremka haraka yakiwa na udongo, na huo udongo unaishia kwa bwawa. Na malori hayapiti tu na kuondoka. Pakiwa na lami kutakuwa na mahali pa kusimama, kutakuwa na kibanda cha chai, halafu kuni, halafu makaa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kuambiwa hii kitu. Tumeona mbuga yetu wenyewe, Nairobi National Park, ikikatwa kipande kwa ajili ya Southern Bypass, kisha reli ya SGR ikapitishwa juu yake kwa nguzo. Kitu cha kwanza kikipita, cha pili kinakuja kikisema "mimi nafuata tu huyu."

Halafu kuna ile fensi. Mlima wa Aberdare umezungushiwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 400, ulioanza kujengwa 1989 na ukakamilika 2009. Pesa nyingi za kuuanzisha zilitoka kwa Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya kupita mahali hakuna barabara. Wenye magari makubwa walichanga ndio mlima ubaki bila magari makubwa. Fensi ilisaidia pande mbili: ndovu waliacha kula mahindi ya watu, na watu waliacha kukata miti ya ndovu. Ndani yake kuna bongo wa mlimani, yule swala mwekundu mwenye mistari myeupe, ambaye porini amebaki Kenya pekee, na anakadiriwa hafiki hata mia moja. Kupitisha barabara kuu katikati ni kufungua mlango kwa ukuta tuliojenga miaka ishirini.

Sasa najua swali lako, juu niliulizwa na mbogi yangu mwenyewe. "Kwa hivyo unataka mlima ubaki wa masonko na watalii? Si lami ndio ingetufanya sisi pia tufike?"

Hilo ndilo swali la maana katika huu mjadala wote, na watu wa mazingira hawalijibu vizuri. Wanaongea kama mlima ni jumba la makumbusho na sisi ni watoto wenye mikono michafu. Ukiangalia picha nyingi za Aberdare kwa mitandao, utaona hema la juu ya gari, kiti cha kukunja, na mtu mwenye kofia ya bei ya kodi yako ya nyumba. Unaweza kudhani kuna sheria inayosema mtu wa Huruma asionekane hapo.

Jibu langu ni kwamba lami haitatufikisha kwa mlima. Itatupitisha. Utakuwa ndani ya matatu ya Nyeri, dirisha limefungwa juu ya baridi, dereva amewasha muziki, na dakika arobaini baadaye mlima umeisha. Utasema umevuka Aberdare kama vile mtu wa kupita Mombasa Road anavyosema anajua Mlolongo.

Tulifika sisi, bila lami. Mwaka jana tulikuwa kumi na wanne, tukachanga, tukakodi matatu ya jirani, tukatoka Umoja saa kumi alfajiri. Tulipitia Flyover tukaingia Njabini, kama kilomita 100 hivi, barabara nzuri mpaka karibu na kituo cha msitu. Hapo unalipa, unapewa askari wa msitu mwenye bunduki kwa sababu ya ndovu na nyati, unaanza kupanda Elephant Hill. Viatu vyetu vilitoka Gikomba, karibu vyote. Mimi nilikuwa na buti la Mjerumani fulani aliyechoka kutembea. Unapanda shamba, unaingia mianzi, matope mpaka magoti, halafu unafika mahali ambapo waliotutangulia wamepabatiza jina la Kiingereza linalomaanisha mahali pa kukata tamaa. Wawili wetu walikata tamaa kweli. Tukawangoja, tukagawana njugu, tukaendelea wote.

Kati yetu kulikuwa na jamaa anayeuza maji Kayole. Amesukuma mkokoteni wa mitungi tangu amalize darasa la nane. Kule juu, zaidi ya mita 3,500, mawingu yakafunguka kidogo, na askari akaonyesha na kidole: lile ziwa la chini ni Sasumua, maji yake yanaenda Nairobi. Huyu jamaa alisimama akaangalia muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mto unaoingia hapo unaanzia wapi?" Askari akamwonyesha chini ya viatu vyake. Palikuwa na matope na nyasi zilizolowa, basi.

Hakusema kitu kikubwa. Lakini kwa matatu ya kurudi ndiye aliyekuwa anauliza maswali kuhusu ile barabara ya Ihithe: inapita wapi, nani alikubali, korti ilisema nini. Mtu ambaye riziki yake ni mtungi alikuwa ameona mtungi unaanzia wapi. Ni watu kama hao nataka wawe wengi, na hakuna lori litawatengeneza.

Na msiniambie Eastlands na huo msitu ni wageni. Wakati wa Mau Mau, mitaa yetu ilikuwa upande mmoja wa kamba na msitu wa Nyandarua ulikuwa upande mwingine. Chakula, dawa, risasi na habari zilitoka mjini zikaenda kwa wapiganaji. Waingereza walijua. Ndiyo sababu Aprili 24, 1954 walizingira Nairobi kwa ile operesheni waliyoiita Anvil, wakapekua mitaa ya Waafrika kama Bahati, na zaidi ya watu 20,000 wakaishia kambi za kizuizini. Huko juu, ndege zao zilimwaga mabomu msituni, na jeshi likachonga njia za magari ndani ya msitu ndio liwafikie wapiganaji. Dedan Kimathi akakamatwa Oktoba 1956 kando ya msitu huo huo. Kwa hivyo shosho yako wa Bahati huenda aliufahamu mlima kuliko wewe, hata kama hakuwahi kuupanda.

Kisha kuna hii, na mimi nikiifikiria nashangaa watu wa barabara hawaoni aibu. Ihithe, mahali barabara inaanzia, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, 1940. Yule mama aliyezuia jumba la ghorofa sitini Uhuru Park mwaka wa 1989, akapigwa akitetea Karura mwaka wa 1999, akapewa Nobel 2004. Leo wewe unaenda Karura Jumapili na mpenzi wako mkitembea chini ya miti, juu yeye na wenzake walikataa. Hawakusema Karura ifungwe watu wasiingie. Walisema isigawanywe. Hiyo tofauti ndiyo ninayoililia hapa.

Basi tufanye nini? Mimi niliacha campus mwaka wa pili, si mhandisi, lakini vitu vingine havihitaji digrii.

Moja, lami iwekwe chini ya mlima. Barabara za kuzunguka, za kutoka Ndunyu Njeru, Engineer na Njabini, zitengenezwe vizuri na ziwe pana, mkulima afike sokoni mapema. Wahifadhi wenyewe wamesema mara nyingi kuna njia mbadala nje ya hifadhi. Ni ndefu zaidi, ndiyo. Lakini inapita kwa watu, kwa maduka na shule, si kwa bongo. Na huyo mama mwenye uchungu wa kuzaa anahitaji hospitali nzuri upande wake wa mlima, asihitaji kuvuka mita 3,000 za ukungu usiku.

Mbili, lami ya mpaka getini. Mutubio ifikike na matatu. Ruhuruini ifikike na matatu. Ukishuka hapo, mguu uanze. Hiyo italeta chapaa kwa vijana wa Ndunyu Njeru na Njabini: waongozaji, wapishi, wa kukodisha jaketi na bakora. Msafiri wa kupita anaacha moshi wa dizeli. Msafiri wa kutembea analala, anakula, anarudi.

Tatu, bei. Punguzo mara nyingi huwa la watoto na wanafunzi. Sasa mimi ambaye nilitoka chuo kwa kukosa karo, ambaye ndiye sina pesa kuliko mwanafunzi, nalipa kama mtu wa ofisi. Kuwe na bei ya kijana wa miaka 18 hadi 25, uonyeshe kitambulisho upite. Hakuna haja ya barua ya mwalimu.

Nne, tusome. Mwaka wa 2024 tulisoma mswada wa fedha kwa simu zetu, ukurasa kwa ukurasa, tukaeleza mathe zetu kwa lugha ya nyumbani. Ripoti ya mazingira ya barabara haiwezi kuwa ngumu kuliko ile. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea hata kama si shamba lako limeguswa. Wanapoita kikao cha maoni ya wananchi, wanaitisha Nyeri na Nyandarua. Waitishe pia Jacaranda pale Donholm. Anayekunywa maji ya mlima ni mwananchi wa mlima.

Na kama hujawahi kwenda, nenda. Mchange wenzako, mkodi matatu ya mtaa, mchague siku ambayo haijatangazwa mvua kubwa. Beba sweta mbili na koti la mvua, juu baridi ya kule haijui wewe ni mgumu wa wapi. Usiende bila askari wa msitu. Takataka zako urudi nazo. Ukifika juu piga picha zako zote, sikukatazi, mimi mwenyewe nakula kwa hiyo kazi. Halafu chuchumaa, weka mkono kwa hizo nyasi na ukamue. Yatakayotoka ni yale yanayokufikia saa nane usiku.